Kuhamia Viunga vya Mombasa Pamoja na Watoto Wadogo

Kila mwaka watu wengi wa bara huteremka Mombasa kufuata kazi. Wako wanaoitwa na bandari, wako wanaoitwa na viwanda na mahoteli, na wako walimu na wauguzi wanaopelekwa huko na wakubwa wao wa kazi. Mtu asiye na familia haoni taabu kubwa katika kuhama. Chumba kimoja humtosha, na kisipomfaa hukiacha mwisho wa mwezi. Lakini mtu mwenye mke na watoto wadogo hawezi kufanya hivyo kila mara. Akikosea katika kuchagua mahali pa kukaa, wa kwanza kuumia ni watoto. Na akikosea katika kununua kiwanja, akiba ya miaka kumi yaweza kupotea kwa siku moja.

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, na nyumba zake zimejaa. Kwa hivyo familia nyingi changa huishi viungani, ng'ambo ya maji. Upande wa kaskazini kuna Nyali, Kisauni, Bamburi, Kiembeni na Shanzu, na mbele yake, baada ya daraja, ni Mtwapa, ambayo imo katika Kaunti ya Kilifi. Upande wa kusini kuna Likoni na Mtongwe. Upande wa magharibi kuna Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini. Kila upande una uzuri wake na taabu yake, na hapana upande mmoja uwezao kusifiwa kuwa bora kwa watu wote.

Mathalani, mtu wa Nyeri amepata kazi bandarini. Ana mke na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi minane. Siku ya Jumapili, mwezi wa Februari, aenda kutazama nyumba upande wa kaskazini. Akuta kuta zimepakwa rangi, upepo wavuma dirishani, mfereji umo uwanjani, na bahari iko karibu. Apendezwa, naye alipa kodi ya miezi mitatu. Lakini siku ya Jumapili hakuna msongamano barabarani, na mwezi wa Februari hakuna mvua. Mfereji ameuona kwa macho, wala hakuufungua. Mbu hakuwaona, maana alifika mchana. Na juu ya ardhi iliyo chini ya nyumba hakuuliza neno.

Basi yako mambo manne ambayo hayaonekani katika ziara ya siku moja: maji, njia ya kwenda kazini, mbu, na haki ya ardhi. Mtu akiyachungua hayo manne kabla ya kufungasha vyombo, atakuwa ameiepusha familia yake na taabu nyingi.

MAJI

Mombasa haina mto wa maji matamu ulio wake. Maji ya mfereji hutoka mbali: katika chemchemi za Mzima huko Tsavo, ambako bomba la urefu wa zaidi ya kilomita 200 lililazwa katika miaka ya 1950, katika visima vya Baricho vilivyo karibu na mto Sabaki, katika chemchemi za Marere kwenye vilima vya Shimba, na katika visima vya Tiwi. Maji hayo hayatoshi watu wote, nayo hugawanywa kwa zamu. Kuna mitaa inayopata maji siku chache kwa juma, na kuna mitaa ambayo mifereji yake hukaa mikavu kwa muda mrefu.

Kwa hivyo haifai kumwuliza mwenye nyumba, "Je, kuna maji?" Atajibu kuwa yako. Swali la kufaa ni hili, "Maji huja siku gani, saa ngapi, na hukaa muda gani?" Tena yafaa swali hilo aulizwe mama wa nyumba ya jirani, kwa kuwa yeye ndiye achotaye, wala hana faida katika kodi.

Watu wengi hutumia visima. Lakini kisima cha pwani si kama kisima cha bara. Chini ya ardhi ya pwani kuna mwamba wa matumbawe, wenye matundu mengi. Maji ya mvua hupenya katika mwamba huo na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Watu wakivuta maji mengi kupita kiasi, tabaka la maji matamu hupungua, na chumvi hupanda kutoka chini. Ndiyo sababu kisima kilichokuwa kitamu miaka iliyopita chaweza kuwa cha chumvi leo. Kuyachemsha maji hayo hakuondoi chumvi.

Matundu hayo hayo ya mwamba hupitisha pia uchafu wa vyoo vya shimo. Choo kikiwa karibu na kisima, vijidudu vya maradhi ya tumbo hufika majini, ijapokuwa maji yaonekana meupe na safi. Kisima chafaa kuwa mbali na choo mita 30 au zaidi, na hata hivyo maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini.

Pasipokuwa na mfereji wala kisima kizuri, maji hununuliwa kwa wachuuzi wa mikokoteni. Hapo yafaa kufanya hesabu mapema. Familia ya watu wanne ikitumia mitungi mitano ya lita 20 kwa siku, itatumia mitungi 150 kwa mwezi. Mtungi mmoja ukiuzwa shilingi 20, hizo ni shilingi 3,000. Nyumba yenye kodi nafuu isiyo na maji yaweza kuwa ghali kuliko nyumba ya kodi kubwa iliyo na tangi.

NJIA YA KWENDA KAZINI

Kisiwa chafikiwa kwa njia chache tu, na kila asubuhi maelfu ya watu huelekea huko kwa wakati mmoja. Watu wa kaskazini hupita daraja la Nyali. Daraja la kwanza hapo, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. La saruji lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Watu wa magharibi hupita Makupa na Kipevu. Watu wa Likoni huvuka kwa feri, na waendao kwa miguu hawalipi nauli. Kutoka upande wa Miritini kuna pia barabara ya Dongo Kundu, inayokwenda pwani ya kusini bila kupita kisiwani wala kungoja feri.

Kwa hivyo umbali wa viungani haupimwi kwa kilomita, bali hupimwa kwa saa. Nyumba ya Likoni yaweza kuwa karibu na mjini kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini mtu akingoja feri iliyojaa atachelewa kuliko yule atokaye mbali. Mwenye kazi bandarini Kilindini, au katika viwanda vya Changamwe, yafaa atazame kwanza upande wa magharibi, asije akalazimika kuvuka kisiwa kizima mara mbili kila siku. Mwenye kazi katika mahoteli ya Bamburi au Shanzu hana haja ya kukaa Likoni.

Njia iliyo bora ya kujua ni kuijaribu safari yenyewe siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kurudi saa kumi na moja jioni. Kisha ihesabiwe nauli ya matatu pamoja na ya tuktuk au bodaboda ya kufika nyumbani. Mtu akitumia shilingi 160 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, jumla ni shilingi 4,160. Fedha hizo ni sehemu ya kodi, ijapokuwa hazilipwi kwa mwenye nyumba.

Familia inayosafiri kwa gari la moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, yapaswa kukumbuka kuwa stesheni yake iko Miritini, wala si kisiwani kama ilivyokuwa ya reli ya zamani. Baba na mama wenye watoto na mizigo watangulize mpango wa gari la kuwapeleka nyumbani kabla ya kuondoka Nairobi.

MBU NA HOMA

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwa wenye watoto. Mtu aliyekulia Nyeri au sehemu nyingine za baridi hakuzoea malaria, na damu yake haina kinga. Mtoto aliyezaliwa huko ni vivyo hivyo. Pwani malaria iko kila mwaka, nayo huzidi wakati wa mvua za masika, ambazo aghalabu huwa nyingi mwezi wa Mei, na baada yake. Wanaoumwa vibaya zaidi ni watoto walio chini ya miaka mitano na wanawake wenye mimba.

Mbu wa malaria huuma usiku. Kinga ya kwanza ni chandarua chenye dawa, na kila mtoto alale ndani yake tangu usiku wa kwanza. Vyandarua vifungwe juu ya mizigo yote, visitiwe chini ya gunia ambalo litafunguliwa baada ya juma. Mama mwenye mimba aende kliniki mara afikapo, kwa maana katika kliniki za serikali za Pwani hupewa chandarua na dawa ya kuzuia malaria. Mtoto akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akapimwe damu. Haifai kungoja homa ishuke, wala kumpa mabaki ya dawa za mtu mwingine. Mtoto akishikwa na degedege, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea na kusinzia ovyo, hiyo ni hatari, na asingojewe hata saa moja.

Malaria haitokei siku mtu aumwapo na mbu. Kwa kawaida hungoja juma moja, mawili au zaidi. Kwa hivyo mtoto akipelekwa bara kuwaona babu na bibi, naye akapata homa akiwa huko, mganga aambiwe mara moja kuwa mtoto ametoka Pwani. Asipoambiwa, huenda asifikirie malaria.

Yuko pia mbu wa aina nyingine, mwenye madoadoa meupe miguuni, aumaye mchana. Huyu huleta homa ya dengi, iitwayo pia kidingapopo, na homa ya chikungunya. Mombasa ilipatwa na dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2017, na mwisho wa mwaka 2017 chikungunya ikafuata. Mbu huyu hapendi kinamasi. Yeye hutaga mayai katika maji safi yaliyowekwa nyumbani: pipa, mtungi, gurudumu kuukuu, na kifuu cha nazi kilichotupwa uwanjani. Wahenga walisema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mbu pia ni bahari.

Hapo ndipo shida ya maji na shida ya homa zinapokutana. Maji yakija kwa zamu, watu hujaza mapipa. Mapipa yakiachwa wazi, mbu huzaliana. Kila chombo cha maji kifunikwe vizuri, na kila juma kimwagwe na kusuguliwa ndani, kwa sababu mayai hushikamana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu muda mrefu bila kufa. Mtu mwenye homa asiyejua kama ni dengi asinywe aspirini, kwa kuwa huweza kuzidisha kutoka damu.

Juu ya joto, miezi iliyo mikali ni Januari mpaka Machi, na miezi ya nafuu ni Juni mpaka Septemba, wakati upepo wa kusi uvumapo. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata wakati wa joto. Maziwa ya mama yamtosha, bali anyonyeshwe mara kwa mara. Watoto wakubwa wanyweshwe maji safi mara nyingi, wala wasivikwe sweta walizozizoea huko Nyeri.

HAKI YA ARDHI

Familia ikikaa mwaka mmoja au miwili, mara nyingi huanza kutamani kiwanja chake. Hapa inafaa kwenda polepole, kwa kuwa ardhi ya Pwani ina historia yake.

Mwaka 1895 Uingereza ilipatana na Sultani wa Unguja kuutawala ukanda wa Mwambao wenye upana wa maili 10, na ukanda huo ulibaki chini ya jina la Sultani mpaka Desemba 1963. Mwaka 1908 ilitungwa sheria iliyowataka wenye madai ya ardhi huko wayaandikishe. Watu wengi, khasa wa vijijini, hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Kwa sababu hiyo, mpaka leo viko vijiji ambavyo watu wamezaliwa na kuzikwa kwa vizazi kadhaa, nao hawana hati. Na viko viwanja vyenye hati ambavyo wenyewe wanakaa mbali.

Kadhalika kuna desturi ya zamani ya Pwani kwamba nyumba au mnazi waweza kuwa mali ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa mali ya mwingine. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Watu huita jambo hili nyumba bila ardhi. Si udanganyifu, na familia nyingi za Mombasa zimeishi hivyo kwa amani miaka mingi. Lakini mgeni atokaye bara, ambako mwenye nyumba ndiye mwenye shamba, aweza kununua kuta na mapaa akidhani amenunua na udongo. Mwenye ardhi akiiuza kwa mtu mwingine, mgeni huyo atajikuta mashakani. Basi swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei, bali liwe hili, "Ardhi ni ya nani?"

Baada ya swali hilo, mambo yafuatayo hayana budi kufanywa. Muuzaji atoe nakala ya hati, na mnunuzi aende mwenyewe katika ofisi ya kuandikisha ardhi kuuliza hati hiyo ni ya nani, na kama ina deni la benki au zuio la korti. Mpima ardhi mwenye leseni aonyeshe mawe ya mipaka. Ikiwa ni shamba la kilimo, lazima kibali cha Bodi ya Ardhi kipatikane. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, na nyumba hiyo ndiyo makao yao, lazima yule mwenzake akubali. Majirani na wazee wa mtaa waulizwe kama kuna ugomvi, na kama kuna watu wanaokaa juu ya kiwanja. Mkataba uandikwe na wakili wa mnunuzi mwenyewe, wala si wakili wa muuzaji. Fedha zisitolewe mkononi chini ya mwembe, hata muuzaji akisema kuwa wanunuzi wengine watatu wamo njiani. Mtu anayeharakishwa hivyo ana sababu kubwa zaidi ya kwenda polepole.

Yafaa kujua pia kuwa kwa Katiba ya mwaka 2010, ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni mali ya umma. Hapana mtu awezaye kuuza ufuo huo.

WATOTO NA MAJIRANI

Kabla ya kuhama, mama au baba achukue cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto na kitabu chake cha kliniki. Mtoto wa miezi minane katika mfano wetu anakaribia sindano ya surua, itolewayo katika mwezi wa tisa na tena katika mwezi wa kumi na nane. Isisahauliwe kwa sababu ya shughuli za kuhama. Mtoto anayesoma achukue barua kutoka shule ya zamani, na shule mpya itafutwe iliyo karibu na nyumbani, mahali ambapo hatavuka barabara kuu peke yake.

Katika mitaa mingi nyumba za kupanga ni za vyumba: ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua, choo na mahali pa kufulia vya watu wote. Katika nyumba ya namna hiyo jirani ni mtu mkubwa sana. Yeye ndiye atakayejua kuwa maji yamekuja saa nane usiku, na ndiye atakayeshika mtoto siku mama apelekapo mwingine hospitali. Kwa hivyo mgeni abishe hodi, asalimu wakubwa kwa heshima, avue viatu mlangoni, na wakati wa Ramadhani aheshimu saumu ya wengine. Ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Mwisho, ni vizuri kuhama kwa hatua mbili. Mmoja wa wazazi atangulie, apange chumba cha kodi ndogo kwa mwezi mmoja katika mtaa ule ule anaoufikiria, na akae humo kama mkaaji. Katika siku 30 ataona maji yanavyokuja, feri au daraja lilivyo asubuhi, mbu walivyo usiku, na majirani walivyo. Kodi ya mwezi huo si hasara. Mtu wa Nyeri aliyekwisha kulipa kodi ya miezi mitatu kwa kupendezwa na rangi ya ukuta angalifanya hivyo, angalijua kabla ya watoto kufika yale ambayo sasa atayajua pamoja nao.